Kusoma uzamili wa elimu mtandaoni huku ukiendelea na kazi

Kabla ya kujaza fomu ya maombi, piga hesabu ya saa. Uzamili wa Uingereza huwa na krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma na kuandika, yaani saa 1,800 kwa jumla. Ukizimaliza kwa miaka miwili yenye wiki 40 za masomo kila mmoja, utahitaji saa 22 na nusu kwa wiki. Kwa miaka mitatu, ni saa 15. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha jioni achukue miaka mitatu.

Jihadhari na kozi fupi za wiki 8. Huvutia kwa sababu unasoma moja baada ya nyingine, lakini kazi haipungui. Kozi ya saa 135 hukudai saa 9 kwa wiki ikienda kwa wiki 15. Ikibanwa kwenye wiki 8 inakudai karibu 17. Ukiugua wiki moja tu, umepoteza sehemu ya nane ya kozi nzima.

Kisha hakikisha chuo kina ithibati, yaani kinatambuliwa rasmi, na muulize mwajiri wako kama shahada hiyo itahesabika kwenye kupandishwa cheo. Ithibati ya chuo haimaanishi kwamba shahada inatoa leseni ya kufundisha. Uzamili mwingi wa elimu hautoi. Uliza kwa barua pepe, uhifadhi jibu. Uliza pia kama kuna mitihani inayosimamiwa kwa kamera, siku za kuhudhuria chuoni, au mafunzo kwa vitendo katika shule nyingine, maana hayo ndiyo yanayokula likizo.

Masomo yakianza, tazama saa ya mwisho ya kuwasilisha kazi imewekwa kwa majira ya wapi. "Saa sita kasoro dakika moja usiku" ya chuo yaweza kuwa asubuhi yako, au mchana ukiwa darasani. Michango ya majadiliano mara nyingi hudaiwa mara mbili kwa wiki: kwanza hoja yako, kisha majibu kwa wenzako. Wanaoweka yote Jumapili hupoteza alama hata wakiandika vizuri.

Marejeo yaingize kwenye programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, tangu makala ya kwanza. Na kila kozi inapokuruhusu kuchagua mada, zunguka tatizo lilelile la darasani kwako, tuseme wanafunzi wanaosoma kwa sauti bila kuelewa. Kufikia tasnifu utakuwa umeshasoma nusu ya machapisho unayohitaji. Ila usiwasilishe aya zilezile mara mbili: vyuo vingi huhesabu kujinakili kuwa udanganyifu.

Tasnifu ndiyo inayowakwamisha wengi, na mara nyingi kikwazo ni kalenda kuliko uandishi. Utafiti unaohusu watoto huhitaji kibali cha maadili cha chuo, ruhusa ya mkuu wa shule, ridhaa ya wazazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Kamati ikirudisha fomu zako mara moja kwa marekebisho, wiki kadhaa zimekwenda; kibali kikitoka shule zimefungwa, unasubiri muhula mwingine. Hesabu kinyumenyume: anza na wiki unayotaka kuingia darasani kukusanya data, rudi nyuma miezi mitatu au minne, na hapo ndipo fomu ziwe zimeshafika. Data uliyoikusanya kabla ya kibali kwa kawaida hairuhusiwi kutumika, hata iwe nzuri namna gani.

Ukiwatafiti wanafunzi wako mwenyewe, kamati itauliza swali moja gumu: mtoto atamkataliaje mtu anayempa alama? Jibu liwe tayari kwenye pendekezo. Mwenzako ndiye agawe na kukusanya fomu za ridhaa, na wewe usijue nani amekubali mpaka alama za muhula zitoke. Kazi za wanafunzi zifutwe majina kabla ya kupigwa picha, si baadaye.

Ukiona umezidiwa, omba kusimamisha masomo kabla ya tarehe ya kozi kufungwa. Ukichelewa, kozi hiyo yaweza kuandikwa kuwa umefeli, na ada yake isirudi.