Kabla ya kwenda Namugongo: maandalizi ya kijana hujaji

Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, mwanzoni mwa Juni ni umati, nyimbo, ngoma na vumbi. Kijana anaweza kupita katikati ya hayo yote, akapiga picha, akarudi nyumbani na uchovu tu. Anayeguswa kweli mara nyingi ni yule aliyeanza hija akiwa bado kwao, wiki kadhaa kabla ya basi kuondoka.

Kwa hiyo, kwanza kabisa, wajue hao unaowaendea. Kanisa linawaheshimu mashahidi 22 Wakatoliki waliouawa kati ya Novemba 1885 na Januari 1887, wakati wa Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda. Wengi walikuwa vijana waliotumika ikulu. Usijaribu kuwabeba wote moyoni. Chagua mmoja, msome, zungumza naye kila usiku. Kizito, mdogo wao, alikuwa na miaka kama 14 hivi, naye alibatizwa na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, kule Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, walipokuwa wanaingoja hukumu. Mbaga Tuzinde alitoka nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji mwenyewe. Jamaa zake walimsihi aokoe maisha yake, akakataa. Andrea Kaggwa alikuwa mume na katekista. Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni, tarehe 3 Juni 1886, ambayo mwaka huo ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Kama shida yako ni ndugu wanaokuvuta nyuma katika imani, Mbaga anakufaa kuliko yeyote. Kama una ndoa changa na utume parokiani, nenda kwa Kaggwa.

Kisha andika nia yako kwenye daftari. Moja tu. “Mungu anibariki” ni nia pana mno, haikushiki. Andika lile linalokukosesha usingizi: kumsamehe baba, kuamua juu ya uchumba, wito wa utawa unaousikia na kuuogopa. Waombe na wanajumuiya wako wakupe nia zao uzipeleke, hasa wagonjwa na wazee wasioweza kusafiri. Ukijua kwamba unatembea kwa ajili ya bibi wa jirani, hata miguu ikiuma utakuwa na sababu ya kuendelea.

Ungama kabla ya kuondoka. Mapadre wanaoungamisha Namugongo wapo, lakini foleni ni ndefu, na kwenye foleni ya namna hiyo ni vigumu kupata ushauri wa kina. Parokiani kwako utapata muda, tena kwa Kiswahili. Misa ya sikukuu yao, tarehe 3 Juni, huendeshwa zaidi kwa Kiingereza na Kiluganda, hivyo masomo yasome mapema kwa lugha yako. Mimi huwashauri vijana wakae pia na sura ya saba ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, habari za ndugu saba na mama yao. Hakuna sura nyingine ninayoiona iko karibu zaidi na vijana wa Buganda.

Jambo la simu lizungumzeni mapema na mlezi wenu. Kubalianeni saa za ukimya kila siku, simu zikiwa zimezimwa, na wote wakubaliane na jambo hilo kabla ya safari. Ukijaribu kulianzisha njiani utazua ugomvi.

Wanaotembea kwa miguu waanze mazoezi mapema, wakiongeza umbali kidogo kidogo, kwa viatu vilevile watakavyovaa. Viatu vipya ni malengelenge siku ya kwanza. Mwishoni mwa Mei mvua za masika hazijaisha Buganda, basi beba koti la mvua, soksi za kubadilisha, chumvi za kuongeza maji mwilini, chandarua na dawa zako za kawaida. Wasichana wabebe taulo za kike za kutosha. Mpangilio wa malazi yao ujulikane kabla ya safari, na hakuna anayetembea peke yake. Hati ya kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya paroko, na ridhaa ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18: hayo mlezi ayakague wiki mbili kabla.

Pangeni kufika siku moja au mbili kabla ya tarehe 3. Siku yenyewe Misa huadhimishwa nje, penye ziwa, na kusogea ni shida. Mapema mtaweza kuingia Basilika, lenye umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda na nguzo 22, na kusali kwa utulivu mbele ya altare iliyojengwa pale Lwanga alipochomwa. Tengeni pia siku ya Munyonyo, na muda wa kufika eneo la Waanglikana lililo jirani, maana vijana wao walikufa katika moto uleule.

Hata kurudi kupangwe kabla ya kwenda. Wekeni tarehe ya kukutana ndani ya wiki mbili baada ya safari, kila mmoja na daftari lake. Na kijana anayehisi wito aondoke akiwa tayari anamfahamu mkurugenzi wa miito wa jimbo lake, na namna ya kumpata.