Somo: Kutumia takwimu katika huduma ya redio na mitandao, kuanzia daftari hadi kumfuatilia mtu

Ndugu watumishi, Bwana Yesu asifiwe. Somo hili ni kwa ajili ya vikundi vya habari vya makanisa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe vinavyorusha vipindi redioni, kuweka klipu Facebook na YouTube na kuendesha makundi ya WhatsApp, lakini kila robo mwaka hupeleka kwa baraza la wazee ripoti yenye idadi ya waliotazama peke yake. Idadi hiyo haitoshi, na mara nyingi inapotosha. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu kwamba video imetazamwa baada ya sekunde 3 tu, muda ambao mhubiri wetu hajamaliza hata kusalimu.

Hatua ya kwanza: andikeni uamuzi kabla ya kuandika namba

Kaeni na mchungaji mkubaliane ni uamuzi gani mnaotaka kuufanya: kipindi kirushwe saa ngapi, kwa lugha gani, mwinjilisti apangwe kata ipi. Namba ambayo, ipande au ishuke, haitabadilisha ratiba ya mtu yeyote, msiikusanye.

Hatua ya pili: wajueni wasikilizaji

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,343,754 katika Mkoa wa Mbeya, 1,192,728 Iringa na 889,946 Njombe, na taarifa zake zitawasaidia kujua umri wa wakazi na ukubwa wa kaya. Haitawaambia dini zao, kwa sababu swali hilo halijaulizwa katika sensa zetu tangu ile ya 1967. Anayetaja asilimia ya Wakristo wa wilaya fulani akasema ameitoa kwenye sensa, anakisia. Yanayobaki ni ya kwenda kuuliza wenyewe: simu ni ya nani katika nyumba, redio hufunguliwa saa ngapi, jioni watu huzungumza Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kiswahili.

Zingatieni pia msimu. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na wasikilizaji wengi huwa shambani. Simu zikipungua Desemba, msikimbilie kumlaumu mhubiri. Linganisheni Desemba na Desemba ya mwaka uliopita.

Hatua ya tatu: fuateni safari ya mtu, ngazi kwa ngazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami nawaomba mtumie muda wenu mwingi hapa. Fungueni daftari au jedwali la kompyuta lenye safu hizi: tarehe, mtu alitusikia wapi, kata anayokaa, lugha, alichouliza, aliyekabidhiwa kumfuatilia, na ngazi aliyofikia. Ngazi ziwe tano: ameuliza, amejibiwa, amekutana na mtu ana kwa ana, anajifunza Neno pamoja na wenzake, anamfundisha mwingine. Luka anatuonyesha mpangilio huo katika Matendo 2: mstari wa 41 unataja watu wapata elfu tatu, na mstari wa 42 unaeleza mara moja walidumu katika mambo gani.

Mwisho wa mwezi hesabuni waliopo katika kila ngazi, kisha mtafute mahali wanapopotelea. Tuseme watu 80 waliuliza, 70 wakajibiwa, lakini 12 tu ndio waliokutana na mtu. Kwa hesabu hiyo klipu zenu hazina tatizo. Tatizo liko kati ya simu na kijiji, pengine kwa sababu mwinjilisti anakaa Uyole ilhali wanaouliza wako Mbarali. Fedha ambayo kamati ilitaka kulipia matangazo zaidi ingeongeza tu foleni ya watu wasiofikiwa. Afadhali iwe nauli, au itumike kumwandaa mzee wa kanisa aliye karibu nao.

Hatua ya nne: wekeni muda wa kujibu

Aliyeuliza jioni ajibiwe kabla ya jioni inayofuata, na aliyepewa zamu ajulikane kwa jina.

Hatua ya tano: tunzeni siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani ya dini kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ombeni idhini ya mtu kabla ya kumwandika, na daftari lishikwe na watu wawili tu. Picha za mazungumzo ya WhatsApp zisirushwe kama ushuhuda, hata kama zinatia moyo, kwa maana anayeuliza habari za Yesu anaweza kuwa anaishi na ndugu wasioridhia.

Maswali ya wanakikundi

Mwinjilisti, Kyela: Shikamoo mwalimu. Wazee wetu wanasema kuhesabu watu ndiyo dhambi aliyoifanya Daudi. Niwajibu nini?

Jibu: Marahaba. Wazee wana hoja, na 2 Samweli 24 isomwe mbele ya kamati bila kuirukaruka. Hata hivyo katika Hesabu 1 ni Bwana mwenyewe aliyeagiza watu wahesabiwe, na mchungaji wa Luka 15 asingejua kwamba kondoo mmoja hayupo kama asingehesabu. Waulizeni wazee kama hesabu hii inafanywa ili tujisifu kwa makanisa mengine au ili tumtafute aliyekosekana.

Mama mmoja, Mafinga: Vijana wanataka video kila siku, lakini akina mama wenzangu wanalalamika kwamba bando linaisha.

Jibu: Mama, hoja yako inapimika. Sauti ya dakika 10 iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde haizidi sana MB 2.4, wakati video ya muda huo huo hula mara nyingi zaidi. Tumeni sauti kwa wiki mbili na video kwa wiki mbili, somo likiwa la mhubiri yule yule na saa ile ile, kisha mlinganishe idadi ya waliouliza. Mkibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hamtajua lipi lililoleta tofauti.

Kijana wa redio, Tunduma: Wengi wanabipu tu, na baadhi ya namba ni za Zambia. Tuwaandike?

Jibu: Waandikeni, ila kwa kundi lao, wasichanganywe na wa kata zenu. Dereva wa lori aulizwe nyumbani kwake ni wapi, kwa sababu alipopigia simu si lazima ndipo anapoishi. Kwa wakazi wa Nakonde tafuteni kanisa la upande ule linaloweza kuwapokea, na kabla ya kukabidhi namba ya mtu ng'ambo ya mpaka, mpigieni kwanza aseme kama anakubali.