Ritifaa kwenye wingi: kuandika umiliki wa Kiingereza bila kubahatisha

"Students", "student's" na "students'" hutamkwa sawasawa kabisa. Ndiyo maana hata anayezungumza Kiingereza kama maji hukwama akishika kalamu: sikio lake halijawahi kusikia tofauti. Usiandike kwa sikio. Andika kwa mpangilio huu: wingi kwanza, ritifaa (alama ya ') mwisho.

Hatua ya 1: Mtangulize mmiliki

Kiswahili huanza na kinachomilikiwa: chumba cha walimu. Kiingereza huanza na mwenye mali: "the teachers' room". Hilo wengi wanalijua. Mtego uko kwenye mazoea yetu ya upatanisho. Kwetu ile -a hufuata chumba (chumba cha, vyumba vya), kwa hiyo macho hukimbilia kuhesabu vyumba. Ritifaa haina habari na vyumba. "The teachers' room", "the teachers' rooms": chumba kimeongezeka, alama haijasogea. Hesabu walimu tu.

Hatua ya 2: Amua kama mmiliki ni mmoja au wengi

Hapa ndipo muda unapopotelea, basi twende polepole.

Mtoto na watoto havichanganyi mtu. Taabu inakuja na nomino zisizobadilika. "Chakula cha mbwa" ni cha mbwa mmoja au kumi? Kiswahili kinakuruhusu usiseme. Kiingereza kinakulazimisha: "the dog's food" au "the dogs' food". Dawa yake ni kuongeza kionyeshi kichwani kabla ya kuandika. Chakula cha mbwa huyu? Ritifaa kabla ya s. Cha mbwa hawa? Baada ya s.

Zoezi moja linatosha kukuonyesha uzito wa jambo hili. Maneno yote manne yafuatayo ni sahihi, na kila moja lina maana yake:

- "my friend's house": rafiki mmoja, nyumba moja
- "my friend's houses": rafiki mmoja, nyumba kadhaa
- "my friends' house": marafiki kadhaa wanaomiliki nyumba moja
- "my friends' houses": marafiki kadhaa, nyumba kadhaa

Kirekebisha tahajia hakitakusaidia kuchagua, maana hakioni kosa popote. Ni wewe tu unayejua wako wangapi.

Sasa vighairi, na ni vingi.

"Each" na "every" humfanya mmiliki awe mmoja hata kama darasa lina wanafunzi arobaini: "each student's book". Vivyo hivyo "each other's" haibadiliki kamwe, wawe wawili au mia: "they read each other's letters".

"A girls' school" huwasumbua wengi kwa sababu ya ile "a". Wanaona umoja, wanaandika "a girl's school", na shule inabaki na msichana mmoja. "A" hapo ni ya "school", si ya "girls". Ruka "a", uliza shule ni ya nani.

Wakati mwingine hakuna anayemiliki chochote: "a women's magazine", "a children's book". Hayo ni majina ya aina, lakini umbo la umiliki linabaki, tena la wingi. Wingi unapoishia na s, waandishi wenyewe hawakubaliani. Mwongozo wa uandishi wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, huandika "farmers market" na "teachers college" bila alama, kwa hoja kwamba neno la kwanza linaeleza tu. Lakini mwongozo huohuo unadai ritifaa kwenye "children's hospital", kwa kuwa "childrens" si neno. Ushauri wangu: kama hakuna mwongozo unaokubana, weka ritifaa kila mahali, isipokuwa kwenye majina rasmi (Hatua ya 5). Hutakosea, na hutalazimika kujiuliza kila mara kama neno linaeleza au linamiliki.

"People" ni wingi tayari, hivyo ni "people's". Ila lipo pia "peoples", yaani jamii au mataifa mbalimbali, na umiliki wake ni "peoples'". Mfano maarufu ni ule mkataba wa Afrika wa haki za binadamu wa mwaka 1981: "African Charter on Human and Peoples' Rights". Ukiandika "People's" hapo umebadilisha jina la mkataba.

Hatua ya 3: Andika wingi wote, kisha alama

Wingi ukiishia na s, ongeza ritifaa peke yake: "boys'", "ladies'", "bosses'". Usipoishia na s, ongeza ritifaa na s: "men's", "children's", "geese's". Majina ya ukoo nayo huwekwa kwenye wingi kwanza: Jones, "the Joneses", halafu "the Joneses' car".

Kipimo: funika ritifaa na kila kilicho kulia kwake. Kinachobaki lazima kiwe neno kamili, na liwe la mmiliki uliyemkusudia. "Childrens'" ikifunikwa inabaki "childrens", neno lisilokuwepo. Kosa limejionyesha lenyewe.

Hatua ya 4: Vipindi vya muda

Hizi ndizo hukutana nawe kwenye barua za kazi. Notisi ya wiki mbili ni "two weeks' notice". Ya wiki moja ni "one week's notice". Uzoefu wa miaka mitano ni "five years' experience" au "five years of experience". Chagua moja. "Five years' of experience" ni kuvaa mikanda miwili: "of" imeshafanya kazi ya ritifaa.

Kabla ya kuweka alama, angalia neno linalofuata. Likiwa nomino ("notice", "leave", "work"), ritifaa inaingia. Likiwa kivumishi, haiingii: "ten years old", "three months pregnant", "two weeks late". Na muda ukiungwa kwa kistari kabla ya nomino, hakuna wingi wala ritifaa: "a two-week holiday".

Hatua ya 5: Majina rasmi yaache yalivyo

Kanuni zote za juu zinasimama mlangoni mwa jina rasmi. "Mother's Day" ni umoja kwa sababu Anna Jarvis, aliyeianzisha Marekani, alitaka kila familia imuenzi mama yake. "International Women's Day" ni wingi. "Veterans Day", siku ya Marekani ya kuwaenzi waliowahi kutumikia jeshi, haina alama kabisa. London kuna stesheni za treni ziitwazo Earl's Court na Barons Court, moja ina ritifaa na nyingine haina, na hakuna mantiki ya kutafuta hapo. Nakili kutoka kwa wenyewe. Shahada za uzamili mbili ni "two master's degrees". Kinachoongezeka ni "degrees" tu.

Hatua ya 6: Wamiliki wawili

"Asha and Juma's children" ni watoto wao wa pamoja. "Asha's and Juma's children" ni wa Asha kando, wa Juma kando. Mama wakwe wakiwa wengi ni "my mothers-in-law's", lakini usijitese: tumia "of".

Hatua ya 7: Kagua

Bonyeza Ctrl na F, tafuta ritifaa, simama kwenye kila moja na ufanye kipimo cha kufunika. Baadhi ya programu hutofautisha ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, kwa hiyo tafuta zote mbili. Ukikuta "their's", "our's" au "your's", futa alama bila kufikiri. Vimilikishi hivyo havina ritifaa. "It's" ibaki pale tu unapoweza kuisoma "it is" au "it has". Kisha soma mara ya pili kutafuta zilizosahaulika, maana utafutaji hauoni kisichoandikwa: kila neno linaloishia na s na kufuatwa na nomino, lisimamishe uliulize.