Jinsi ya kuandamana mkidai vitambulisho bila ubaguzi (Kenya)

Vijana wa Kinubi pale Kibera na Wasomali wa kaskazini mashariki wanajua hii stori, umefika 18, jirani yako anachukua kitambulisho bila noma, wewe ulikuwa unaitwa upigwe msasa mbele ya kamati, uulizwe karatasi za babu, hadi 2025 rais alipotangaza msasa huo uondolewe. Ubaguzi huo si haki, na mkiendelea kuzungushwa, kuandamana mnaruhusiwa, Kifungu cha 37 cha katiba kinasema wazi.

Kwanza notisi. Peleka kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) siku 3 hadi 14 kabla, andika jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na njia mtakayopita, na maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri, hiyo karatasi tembea nayo siku yenyewe maana polisi wakisema hamkutoa taarifa ndiyo itakuokoa.

Halafu ushahidi, na hapa ndipo watu wengi hulegea. Kila aliyezungushwa aandike alienda ofisi gani, lini, akaitishwa nini, na apige picha stakabadhi zake. Ushahidi huo uambatisheni na barua ya madai, maana maandamano bila barua yanaisha jioni hiyo hiyo.

Dai liwe moja, na mjue mnampelekea nani. Wamakonde, jamii yenye asili ya Msumbiji iliyokuwa haina uraia, walitoka Kwale 2016 wakaandamana hadi Nairobi kumwona rais, wakapata vitambulisho.

Wazee na kina mama wakae mbele, maji yawepo, na namba ya wakili kila mtu aiandike mkononi kwa kalamu, simu inaweza chukuliwa.