Kuunda skuta ya mguu ya mtu mzima kutokana na baiskeli mbili za watoto

Skuta za kukunja zinazouzwa madukani huwa na magurudumu madogo, mengi yakiwa na kipenyo cha takriban milimita 100, nayo yanafaa kwenye lami na saruji tu. Mkazi wa Ipuli au Malolo anayekwenda kazini katikati ya mji wa Tabora hukutana na mchanga kabla hajaifikia lami, na gurudumu la namna hiyo likizama mchangani husimama ghafla huku mwenyewe akiendelea mbele. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia karani mmoja kujiundia skuta ya kwendea ofisini. Nachukulia kwamba msomaji anajua kuchomelea, au ana fundi anayemwamini.

Hatua ya kwanza: vipuri

Tafuta baiskeli mbili kuukuu za watoto, moja ya inchi 20 na nyingine ya inchi 16, zote za chuma. Fremu ya aluminiamu nisingeichukua hata kwa kupewa, kwa sababu mashine ya kawaida ya mtaani haiwezi kuichomelea vizuri. Kwenye ile kubwa, kata sehemu yote ya mbele pamoja na shingo ya fremu, yaani bomba fupi ambamo usukani huzungukia. Kwenye ile ndogo, chukua foku (uma unaoshika gurudumu) na gurudumu la mbele, kwani ndivyo vitakavyokaa nyuma ya skuta. Gurudumu la nyuma la baiskeli usilitumie: habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, ni pana, na kisigino cha mguu unaosukuma kitaigonga ekseli kila mara.

Hatua ya pili: kibao cha kusimamia

Mabomba mawili ya mstatili ya milimita 20 kwa 40, yaliyosimamishwa kwa upande mrefu, yanatosha. Upana wa kibao usizidi sentimita 12, na nafasi ya kusimama iwe na urefu wa sentimita 40 ili uweze kubadili miguu. Juu yake funga mpira wa tairi kuukuu, uleule wa makatambuga, kwa sababu hautelezi hata ukilowa.

Hatua ya tatu: kimo cha kibao

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila unaposukuma, goti la mguu uliosimama hukunjika ili mguu wa pili ufike chini, kisha mwili mzima huinuliwa tena. Kibao kikiwa sentimita 20 kutoka ardhini, mwendeshaji ni kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja njia nzima, na hakuna beringi nzuri itakayomwondolea uchovu huo. Lenga sentimita 10 kwa uso wa juu na sentimita 6 kwa upande wa chini. Ukishuka chini ya 5, tumbo la skuta litagonga mizizi ya miembe na kingo za reli kwenye vivuko.

Ekseli ya gurudumu la inchi 16 hukaa karibu sentimita 20 juu ya ardhi, yaani juu ya kibao. Kwa hiyo foku ya nyuma hailazwi sambamba na ardhi: shina lake huingia katikati ya mabomba mawili, na miguu yake huinuka kwa takriban nyuzi 30. Kama foku ina mkunjo, mkunjo huo utazame juu.

Jaza upepo, simamisha magurudumu yote mawili sakafuni, kisha kiweke kibao juu ya vipande vya mbao vya sentimita 7, wala si 6, kwa kuwa matairi hubonyea na mabomba hupinda kidogo yakibeba mtu. Piga pointi tu, yaani shikiza viungo kwa vitone vichache vya kuchomelea. Mwambie mwenye skuta apande akiwa na mkoba wake wa kila siku, ndipo upime.

Kabla ya kuchomelea kikamilifu, kagua shingo. Shikiza ufito ulionyooka sambamba na shingo, katikati yake, hadi uguse sakafu, na uteremshe timazi kutoka kwenye ekseli ya mbele. Ufito uguse sentimita 5 hadi 6 mbele ya timazi. Zikiwa chini ya 4, usukani utayumba. Zikizidi 7, utakuwa mzito kwenye mwendo mdogo. Ukishusha sehemu ya nyuma, shingo nayo hulala na kipimo hiki huongezeka, kwa hiyo usibadilishe gurudumu wala tairi baada ya kupima. Chomelea kwa zamu, kidogo kushoto na kidogo kulia, kwa sababu joto huvuta chuma, na foku ikivutwa upande mmoja gurudumu hulala.

Hatua ya nne: usukani

Uwe usawa wa kitovu. Usilivute shina la usukani kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Likiwa fupi, tafuta refu zaidi.

Hatua ya tano: breki

Foku zote mbili zina tundu la breki, basi funga mbele na nyuma. Kata ncha za ekseli ya nyuma zinazochomoza na ufunike kwa nati za kofia. Kwa kuwa mdomo wa foku hiyo sasa unatazama nyuma, kaza nati zake kwa spana ndefu na uzikague kila wiki.