Jinsi ya kuondoa minyoo bapa wekundu kwenye tangi la matumbawe bila kupoteza samaki

Minyoo bapa wekundu wana sumu miilini mwao. Wakifa wengi kwa mpigo, sumu hiyo humwagika majini na inaweza kumaliza samaki wa tangi zima ndani ya saa chache. Watu hulaumu dawa, wakati dawa ilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Kwa hiyo hapa dawa nimeiweka mwishoni, na kazi kubwa nimeipa mpira wa kunyonyea. Mimi hutunza matangi ya maji chumvi huku Ghuba, ya majumbani na ya ofisini, na utaratibu huu naufuata kwenye matangi madogo na makubwa.

Hatua ya 1: Mjue mnyoo kabla hujamgusa

Minyoo walio wengi kwenye mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake) wana faida. Wale warefu wenye manyoya pembeni, wanaojitokeza usiku, hula mabaki ya chakula na mizoga iliyonasa kwenye nyufa ambako mkono wako haufiki. Wakizidi, maana yake unalisha kupita kiasi. Punguza chakula nao watapungua wenyewe. Usiwashike kwa mkono mtupu, kwa sababu manyoya yao huchoma na kubaki kwenye ngozi. Vijimirija vyeupe vilivyojikunja kama herufi C kwenye kioo navyo viache, vinachuja maji.

Adui wa leo ni mwingine. *Convolutriloba retrogemma* ana urefu wa milimita chache tu, rangi ya kutu, bapa kama kipande cha karatasi, na nyuma amegawanyika vijimkia. Chukua kioo cha kukuzia umtazame sehemu ya nyuma: utaona vichipukizi vimeota pale, kila kimoja kimeelekeza kichwa upande ulio kinyume na mzazi. Kikikomaa kinajikata na kwenda zake. Hahitaji mwenza wala yai ili aongezeke, kwa hiyo mmoja aliyesalia anatosha kurudisha kundi zima. Ndani ya mwili wake huishi mwani unaomlisha kwa mwanga wa taa, ndiyo maana utamkuta amejianika penye mwanga mwingi na mkondo hafifu. Hatafuni matumbawe, ila wakijazana juu ya tumbawe hulinyima mwanga hadi linafifia.

Kama una *Acropora* (aina ya matumbawe yenye matawi) zenye madoa ya mviringo yaliyopauka, na chini, kwenye mfupa mtupu wa tumbawe, kuna mayai ya kahawia yaliyogandishwa kwa safu, huyo ni *Prosthiostomum acroporae*. Yeye anakula matumbawe kwelikweli, na hatibiwi kwa njia hii. Nitamgusia mwishoni.

Hatua ya 2: Wakate chakula na uongeze mkondo

Pima naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyotokana na mabaki ya chakula majini. Punguza lishe, safisha skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), na elekeza pampu kwenye zile pembe tulivu walikojikusanya. Hatua hii peke yake haiwamalizi, lakini inapunguza kasi ya kuzaana wakati unajiandaa.

Hatua ya 3: Nyonya, nyonya, nyonya

Hapa ndipo watu wengi hukosa subira, na hapa ndipo samaki wanapookolewa. Tafuta mpira mwembamba wa hewa wa kipenyo cha milimita 4 hadi 6 na uufunge kwenye kijiti kigumu ili uweze kuuelekeza. Fanya kazi hii mchana, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa, kwa sababu ndipo wanapojianika wote juu. Usiku wanajificha.

Zima pampu za mkondo. Anza juu ukishuka chini. Sogeza mdomo wa mpira taratibu hadi ukaribie kumgusa mnyoo. Ukimshtua kwa maji ataachia na kuelea, kisha atatua kwingine. Maji yaende kwenye ndoo na yamwagwe, usiyarudishe tangini hata kama umeyachuja, maana waliopasuka njiani wameshaacha sumu humo. Rudishia kiasi hichohicho kwa maji mapya yenye chumvi na joto sawa na la tangi.

Rudia kila baada ya siku mbili tatu. Usiende kwenye dawa hadi ufike mahali ambapo unalazimika kuwatafuta ndipo uwaone. Matangi mengine huishia hapa, na hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Hatua ya 4: Waajiri wala minyoo

Samaki mdogo wa mistari sita, *Pseudocheilinus hexataenia*, hupekua mawe kutwa nzima. Anapatikana hata kwenye miamba ya Afrika Mashariki. *Halichoeres iridis* wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambaye wafanyabiashara wa samaki wa mapambo huwapata pia kutoka pwani ya Kenya, naye ni mpekuzi mzuri, ila anahitaji mchanga wa kulalia na kifuniko kwa sababu huruka. Si kila samaki atakubali kula minyoo hawa, kwa hiyo usimnunue samaki ambaye hungependa kukaa naye hata asipowagusa. Huyo wa mistari sita hasa huwa mkorofi akishazoea tangi.

Kuna pia koa bahari mweusi mwenye mistari ya buluu, *Chelidonura varians*, anayekula minyoo bapa kwa bidii. Mimi simweki. Minyoo wakiisha anakufa njaa, na mara nyingi pampu humvuta kabla ya hapo.

Hatua ya 5: Dawa, kama bado ipo haja

Jamaa wa nyumbani huniuliza kama ile dawa ya minyoo ya mbuzi kutoka duka la pembejeo inafaa, kwa kuwa ina levamisole. Usiitie. Nyingi zimechanganywa na oxyclozanide, ya minyoo ya ini, na mchanganyiko huo haukutengenezwa kwa viumbe vya majini. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya minyoo bapa kwenye matangi ya matumbawe, na ufuate kipimo cha kwenye kibandiko.

Kipimo kinategemea maji halisi. Tangi la sentimita 120 kwa 50, maji yakiwa na kimo cha sentimita 45, lina lita 270. Toa nafasi ya mawe na mchanga, tuseme lita 40, unabaki na 230. Ongeza lita 60 za tangi la chini, lile la vichujio lililounganishwa na tangi kuu: jumla 290. Hiyo ndiyo hesabu ya kuipeleka kwenye kibandiko.

Siku moja kabla, weka minyoo kadhaa kwenye glasi ya maji ya tangi na uwape dawa kwa kipimo kilekile. Wakijikunja na kulegea, endelea. Wakitembea kama kawaida, usitie dawa tangini.

Siku yenyewe uwe na maji mapya ya chumvi yanayofikia angalau theluthi ya tangi, yameshapashwa joto. Osha kaboni mpya (makaa maalumu ya kunyonya sumu na dawa majini) na uiweke tayari karibu. Ondoa kaboni ya zamani, zima taa ya UV ya kuua vijidudu kama unayo, washa pampu ya hewa. Nyonya kwa mara ya mwisho wote unaowaona, kisha tia dawa polepole penye mkondo. Baada ya muda mfupi wataanza kuachia na kuelea. Wakamate mmoja mmoja kwa mpira, usingoje watue.

Tazama samaki, usiondoke chumbani. Wakianza kuhema haraka au kulala ubavu, weka kaboni palepale na ubadilishe maji bila kungoja muda wa kwenye kibandiko uishe. Mambo yakienda sawa, fanya hivyohivyo muda huo ukifika. Kesho yake badilisha maji tena na uweke kaboni nyingine. Baada ya wiki moja rudia zoezi lote, hata kama huoni mnyoo hata mmoja.

Hatua ya 6: Funga mlango

Wanaingia na matumbawe mapya. Kila kipande kipya kichovye kwenye dawa ya kuoshea matumbawe, kipulizie maji kwa bomba la sindano, kisha chunguza kilichobaki chini ya chombo. Likate lile jiwe dogo lililogundishwa chini au libadilishe kabisa. Kwa *Acropora* kumbuka kwamba dawa ya kuchovya haiui mayai: yakwangue kwa kisu, kaa na kipande kwenye tangi la pembeni, na uchovye tena kila wiki kwa wiki 6 au zaidi, kwa kuwa kwenye nyuzi 25 mayai huchukua karibu wiki 3 kuanguliwa. Mpira, ndoo na wavu wa tangi hilo usivitumie kwingine.