Anza na kikohozi: namna ya kuufuata ugonjwa ndani ya Suwen

Wanaonijia wakitaka kusoma tiba ya kale ya Kichina, wengi huwa wameshaanza pabaya. Wamefungua Suwen, kitabu cha kale cha tiba hiyo, ukurasa wa kwanza, wakakutana na yin, yang na mwenendo wa mbingu, na kufika sura ya tatu wamechoka. Kitabu kina sura 81, na hakuna anayekulazimisha uzifuate kwa mpangilio. Fungua sura ya 38, ya kikohozi. Ni fupi, inamalizika kwa jioni moja, na ndani yake utauona ugonjwa ukitembea.

Chukua daftari, uchore safu nne za ugonjwa: ugonjwa umeingilia wapi, umepokelewa na nani, umeonekana wapi, umehamia wapi. Sasa soma polepole. Suwen, ambayo ni nusu ya Huangdi Neijing (nusu ya pili ni Lingshu), imeandikwa kwa maswali na majibu: Mfalme wa Manjano (Huangdi) anauliza, Qi Bo, tabibu wake, anajibu. Usiyaruke maswali. Mfalme anauliza kwa nini mapafu humfanya mtu akohoe. Qi Bo anamsahihisha papo hapo: viungo vyote vya ndani vyaweza kumkohoza mtu, si mapafu peke yake.

Safu ya kwanza ina milango miwili, nayo yote uiandike. Ngozi na vinyweleo ni wenza wa mapafu, kwa hiyo baridi inayoipata ngozi hufika mapafuni. Upande wa pili, chakula na kinywaji cha baridi huingia tumboni, na ubaridi wake hupanda kwa mshipa wa mapafu (mshipa hapa ni njia ya nguvu ya mwili, si wa damu tu). Ya nje na ya ndani zikikutana, mtu anakohoa. Wengi huandika ya nje tu, maana ndiyo inayofanana na maonyo ya mama zetu ya kutotoka na kichwa kilicholowa.

Safu ya pili ni ya majira: msimu wa machipuko ini ndilo hutangulia kupokea, msimu wa joto moyo, msimu wa baridi figo, na kadhalika. Pita haraka. Hayo ni majira ya Uchina. Usijaribu kuyapachika kwenye masika na vuli zetu.

Safu ya tatu ndiyo ya kukaa nayo. Kikohozi cha mapafu kina kuhema kwa sauti, hata kutema damu. Cha moyo huja na maumivu ya kifua na kitu kama kimekwama kooni. Cha ini huuma chini ya mbavu, mtu ashindwe kugeuka. Cha figo huvuta kiuno na mgongo. Kwa nini koo liingie kwenye moyo? Weka kando yake sura ya 10 ya Lingshu, inayoeleza njia za mishipa. Tawi la mshipa wa moyo hupanda kandokando ya umio. Wa ini husambaa mbavuni. Wa figo hupita uti wa mgongo. Dalili zilizoonekana kama orodha ya kubahatisha zinageuka ramani. Fanya hivyo kwa kila kiungo, kwa penseli, kabla hujaenda mbele.

Ini na figo hizi, hata hivyo, si zile za kipimo cha hospitali. Ni majina ya makundi ya kazi, mishipa na hisia. Na kama wewe mwenyewe umekohoa wiki mbili, au umetema damu, funga kitabu ukapime kifua kikuu.

Safu ya nne: kikohozi kisipopona, kiungo humpasia mwenza wake. Wengu hulipasia tumbo, na mgonjwa anakohoa na kutapika, akizidiwa hutoka minyoo mirefu. Moyo huupa utumbo mwembamba, naye anakohoa huku akijamba. Figo hukipa kibofu, mkojo ukamponyoka. Wanawake wengi waliozaa wanakijua kikohozi hicho bila kusoma Kichina. Mwisho wa yote, Qi Bo anasema mambo hukusanyika tumboni na kuunganika na mapafu: kamasi na mate mengi, uso kuvimba, qi, yaani pumzi au nguvu ya uhai, kupanda badala ya kushuka.

Hapo kwenye kupanda na kushuka, nenda sura ya 39 ya Suwen. Inataja mienendo tisa ya qi: hasira huipandisha, hofu huishusha, baridi huikunyata, mawazo huifunga fundo, kazi nyingi huimaliza. Irudishe kwenye daftari lako kama safu ya tano.

Mistari 19 ya sura ya 74, ambayo walimu wengi huanza nayo, mimi huiweka mwisho. Inavutia kuikariri kama kamusi: mitikisiko na kizunguzungu ni vya ini, matapishi machachu na kuhara kwa ghafla ni vya joto, majimaji maangavu ya baridi ni ya ubaridi. Lakini haijakamilika, ukavu hauna mstari, na tabibu Liu Wansu alikuja kuuongeza katika karne ya 12. Tena maandishi yenyewe yanakuagiza: kilichopo kitafute, kisichokuwepo nacho kitafute. Kwa hiyo ukimaliza kila safu, andika chini yake dalili uliyoitarajia ambayo Qi Bo hakuitaja. Kwenye kikohozi cha ini, kwa mfano, kizunguzungu hakimo.